Kinu Katikati ya Picha

Mjomba wangu upande wa mama alikuwa na mianzi mingi kuliko akili. Msinilaumu, maneno haya alikuwa akiyasema mwenyewe, tena mbele za watu. Shamba lake lilikuwa mlimani, huku kwetu jirani na Mafinga. Masika yakishika na mianzi ikitoa machipukizi, alikata ncha asubuhi na jioni, akatega mbeta, vile vikombe vya mwanzi, ulanzi ukadondoka tone kwa tone mpaka vikajaa. Ulanzi wa siku hiyo ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ulanzi uliolala ni habari nyingine. Unafura. Ukiuziba kibuyuni kwa kizibo kigumu halafu ukautikisa njiani, kizibo kinaruka kama kimetumwa. Binamu yangu mmoja kiliwahi kumruka Jumapili, kikaenda kumvua kofia mzee wa kanisa aliyekuwa anapita zake. Mzee akaokota kofia, akainusa, akasema, "Leo ibada imeanza mapema."

Mimi ndiye niliyeuteremsha ule ulanzi hadi barabarani, kichwani, kwenye kinjia chenye utelezi. Nilikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, shule nimeiacha darasa la pili kwa sababu shule nayo ilikuwa imeniacha. Nikajifunza mwenyewe jinsi ya kutembea. Magoti unayalegeza. Viwiko unavibana mbavuni. Macho unayatupa mbali, usitazame miguu. Na pumzi unaitoa nusu, unakaa nayo hapo hapo mpaka umevuka pale pabaya. Nilikuwa nafika chini kibuyu kikiwa kimejaa mpaka mdomoni, na hakuna aliyenisifu, maana kutomwaga hakuonekani.

Ila siku moja kuna aliyeona. Kando ya barabara, mahali malori yanaposimama kupoza injini, alikuwa amekaa mtu mzima juu ya sanduku la mbao, amevaa koti la jeshi lililokosa vifungo. Alinitazama tangu nilipotokeza juu mlimani.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mzee."

"Hicho kibuyu kimejaa?"

"Kimejaa."

"Mbona hakimwagi?"

"Kikimwaga, mjomba ananifukuza."

Akacheka. Akaniambia nitue mzigo, ninyooshe mikono mbele. Nikanyoosha. Akaitazama kama anayenunua mbuzi. Kisha akanyoosha ya kwake, na mikono yake ikatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Macho ninayo," akasema. "Mdomo ninao, utauzoea. Mikono ndiyo niliyoiacha vitani. Unataka kazi?"

"Kazi gani, mzee?"

"Kusimama bila kutikisika."

Nikamwambia kazi hiyo ninayo tayari. Akasema basi nitaifanya bila kulowa kichwa. Ndivyo nilivyokutana na fundi Kihwele, mpiga picha, Mhehe wa Kihesa pale Iringa, na ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii niliyoiacha juzi juzi tu, magoti yalipokataa. Ninyi vijana mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona. Mishahara sitaitaja, maana tukiitaja mtalia, na wino ni wa kuazima.

Nilifika Kihesa nikitegemea kupiga picha kesho yake. Kihwele akanipa kamera ya kukunja, ile ya kutia mfukoni, unayoifungua kifuniko na mdomo wake unatoka mbele kwa ngozi ya mikunjo kama kodiani. Nikaipenda papo hapo. Nikauliza filamu iko wapi. Akasema filamu ya nini? Akachukua kikombe kidogo cha kahawa, akakijaza maji, akakiweka juu ya kamera niliyoishika, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Maji yakamwagika.

"Huyo mteja umemtia ukungu," akasema. "Tena."

Majuma kadhaa nilipiga picha za hewa, na kikombe cha maji juu. Majirani wa Kihesa walikuwa wanakuja kutazama. Mama mmoja muuza vitumbua aliuliza kama ni dawa ya ugonjwa gani. Lakini nikagundua kumbe ni ulanzi ule ule! Viwiko mbavuni, pumzi nusu, kidole hakichomi, kinakamua polepole kama unakamua chunusi ya mtu unayempenda. Siku maji yalipokaa bila hata kutoa kiwimbi, Kihwele alicheza ngoma peke yake uani, na koti lake la jeshi, mpaka kuku wakakimbia. Kuku watarudi katika habari hii, wakumbukeni.

Picha kutoka safi ni mambo mawili, alikuwa anasema: mkono na mwanga. Mkono nimeshaueleza. Mwanga yeye aliusoma chini. Hatukuwa na chombo cha kupimia. Alitazama kivuli cha mteja. Kivuli kikiwa na kingo kali kama kimekatwa na mkasi, unabana tundu la kamera. Kingo zikilegea, unafungua kidogo. Kivuli ukikitafuta kwa kuinama, unafungua tundu lote na unamwambia mteja asipumue. Kivuli kikikosekana kabisa, unakwenda kunywa chai. Umbali tulipima kwa hatua, maana kamera ile haikuonyesha kama mtu ametulia au amefifia. Unahesabu hatua zako, unazungusha namba, unaomba Mungu. Na asubuhi za baridi, ukiingia nyumba yenye moto na kamera iliyolala kwenye baridi, usiifungue haraka. Kioo kinafanya jasho. Nimeona harusi nzima ya Iringa ikitoka kama imefungwa ndani ya maziwa.

Nisisahau dawa ya kusafishia filamu. Kule kwetu maji ni baridi, na dawa ikiwa baridi inalala, haifanyi kazi. Kihwele aliitia kwenye chupa, akaniambia nibane kwapani mpaka ipate joto la mtu. Kwa hiyo picha nyingi za watu wakubwa wa Iringa wa miaka ile zimepitia kwapani kwangu, na hawajui.

Sheria yake kubwa ilikuwa maneno mawili: "Piga, zungusha." Ukishapiga picha, kabla hujashukuru, kabla hujajikuna, unazungusha filamu mpaka namba inayofuata itokeze kwenye kidirisha chekundu nyuma ya kamera. Kwa nini? Kwa sababu kamera zile hazikuwa na akili ya kukuzuia. Usipozungusha, picha ya pili inapigwa juu ya ile ya kwanza. Kihwele mwenyewe, kabla hajanipata, alimpiga mwinjilisti mmoja amesimama na Biblia, akasahau kuzungusha, akampiga mfugaji na fahali wake. Mwinjilisti akatokea amesimama juu ya mgongo wa fahali, anahubiri. Mfugaji aliipenda, akataka nyingine. Mwinjilisti hakuonekana tena. Basi mimi nilifundishwa mpaka mkono wangu wa kulia ukawa unazungusha wenyewe, hata mezani. Nikimaliza kunywa chai nazungusha kikombe.

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tunafuata barabara. Iringa, Mafinga, mpaka Mbeya, juu ya malori ya mizigo, tukisimama penye soko au kanisa. Kihwele alipanga watu na kuwasemesha, mimi nikashika kamera. Hakuna mteja aliyeambiwa kuhusu mikono yake. Alikuwa anaiweka mfukoni kama bwana mkubwa, anatoa amri. Na mteja akizidi maneno, Kihwele alisema, "Samahani, nakwenda kununua tumbaku," akaondoka zake, akarudi nikishamaliza. Walikuwepo wateja wa kila namna. Mafinga kuna mpasua mbao aliyenunua viatu, akataka vionekane. Nikirudi nyuma ili viatu viingie, uso unakuwa mdogo kama punje. Nikisogea, ananiambia nimemkata miguu. Mwisho alivivaa mikononi, akavishika kifuani, na picha hiyo ilikaa ukutani kwake mpaka uzee.

Sasa niwaeleze ile ya Mbalizi, maana ndiyo hasa niliyokaa niiandike.

Tulikuwa tumemaliza soko la Mbalizi, filamu imebaki picha moja tu. Filamu nyingine tulimwagiza dereva wa lori atuletee kutoka mjini Mbeya kesho yake. Akaja mzee mmoja mrefu, amevaa shuka jeupe na koti juu yake. Akajitambulisha: Mwakatobe, Mnyakyusa aliyehamia pale zamani, analima kahawa na ndizi. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Ambokile, na Ambokile alikuwa anaondoka kesho asubuhi na mkewe kwenda Rodeshia kwenye migodi ya shaba. Mke alikuwa mjamzito.

"Nataka picha," akasema mzee. "Mimi, dada yangu, mama yake Ambokile, Ambokile, na mkewe. Wote karatasi moja."

"Kazi ndogo hiyo, baba," akasema Kihwele.

"Si ndogo. Mimi na mkamwana wangu hatuonani."

Kihwele akafikiri wamegombana. Mzee akacheka, akatueleza. Kwao Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hatamtazama usoni, hatataja jina lake, hatakaa naye nyumba moja. Wakikutana njiani mwanamke anaingia kando, anachutama, anajifunika. Tangu alipoolewa, Mzee Mwakatobe hakuwahi kuona uso wa binti yule, na alimpenda kwa namna anavyopalilia kahawa. Shamba ndilo alilokuwa analiona.

"Piga picha mbili," nikasema mimi, kijana mwerevu.

Mzee akanigeukia. "Picha mbili zinaachana, mwanangu. Moja itakwenda Rodeshia, moja itabaki. Mjukuu wangu atazaliwa huko. Nataka siku atakapomtafuta mama yake kwenye karatasi, anikute na mimi nimekaa hapo hapo. Asiulize, huyu naye ni nani? Nikifa kabla hawajarudi, angalau tumekaa pamoja mara moja."

Kihwele akaitazama kamera. Akaniangalia. Nikajua anamfikiria mwinjilisti na fahali.

Tukapanda kwa mzee mchana ule ule. Kihwele akachukua karatasi nyeusi ya kufungia filamu, iliyobaki kwenye filamu ya zamani, akaniambia niikunje kama kofia ndogo ya kuvika mdomo wa kamera, kisha nikate nusu yake. Kofia ya nusu. Ukiivika kushoto, kamera inaona kulia tu. Ukiigeuza, inaona kushoto tu. Tunampiga mzee upande wake, anaondoka. Binti anakuja upande wake, tunageuza kofia, tunapiga tena juu ya filamu ile ile. Karatasi moja, na hawajaonana.

Lakini kulikuwa na dada yake mzee, Bibi Tumpale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa heshima pale nyumbani.

"Ngoja, fundi," akasema. "Nje hawaonani, sawa. Na humo ndani ya kiboksi?"

"Ndani kuna nini, shangazi?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Kaka yangu anaingia humo, mkamwana anaingia humo. Wakikutana gizani?"

Nilitaka kucheka, Kihwele akanikanyaga mguu. Akalichukua swali lile kwa uzito wote. Akamfungulia kamera upande wa mbele, akamwonyesha ile kofia, akasema, "Ndani kuna ukuta, shangazi. Huyu analala upande huu, yule upande ule."

"Ukuta siuoni."

"Basi tuweke wa kuonekana." Akaangaza macho uani, akaona kinu cha kutwangia mahindi. "Kinu kikae katikati. Huku kwa baba, huku kwa binti. Asivuke mtu."

Bibi Tumpale akakizunguka kinu, akakigonga kwa ngumi, akasikiliza. "Kinu kinatosha," akasema. Sauti ndogo ikatoka nyuma ya nyumba, ya mwanamke: "Ndaga fijo, mama!" Ndivyo wanavyoshukuru kwao. Alikuwa Tupokigwe mwenyewe, mke wa Ambokile, amejificha huko anasikiliza kila neno. Mama mkwe wake akatoka kutuambia kwamba binti anaitaka picha hii kuliko safari yenyewe.

Nikasimamisha kamera juu ya miguu mitatu niliyoitengeneza kwa mianzi ya mjomba. Jua kali, kivuli cha kinu kimekatwa na mkasi. Nikabana tundu. Mzee akakaa kwenye kiti kulia mwa kinu, Bibi Tumpale amesimama nyuma yake. Nikavika kofia. Mzee akauliza, "Nicheke?"

"Usicheke, baba, utatikisika."

Akakaa kama jiwe. Wakati huo tetea mmoja akaja kudonoa chenga za mahindi pale mbele ya kinu. Nikakamua. Ikalia, tk.

Na mkono wangu wa kulia ukaenda kuzungusha.

Sikuutuma mimi! Ulikwenda wenyewe, kama ulivyofundishwa. Nilisikia Kihwele akipiga kelele kwa Kihehe neno ambalo siliandiki, akaruka, akaukamata mkono wangu juu ya ile pete ya kuzungushia. Ikawa balaa juu ya balaa, kwa sababu sasa mikono yake imeshika wa kwangu na inatetemeka, na pete inagongana, na miguu ya mianzi inalia. Tukatazamana, pua kwa pua.

"Niachie polepole, fundi," nikamnong'oneza.

"Wewe niachie kwanza."

"Mimi sijakushika. Umenishika wewe."

Akatoa kidole kimoja kimoja. Namba kwenye kidirisha chekundu ilikuwa haijasogea. Akavua mkanda wake wa suruali, akanifunga mkono wa kulia kiunoni kabisa, yeye akabaki ameshika suruali yake.

Bibi Tumpale akauliza, "Kijana kaiba nini?"

"Mkono wake una mazoea mabaya, shangazi. Mwondoe baba, mlete binti."

Mzee akaondoka kupitia migombani, mbali, akageuza mgongo. Tupokigwe akatolewa upande wa pili, amejifunika kanga mpaka machoni, akasimamishwa kushoto mwa kinu, mumewe na mama mkwe kandoni mwake. Akafunua uso. Alikuwa mzuri, amejipaka mafuta anang'aa kama chungu kipya, nikamwomba ajifute kwa jani la mgomba, maana mafuta yanarudisha jua. Nikatazama chini. Kivuli kimetoweka!

Wingu limetoka mlima Loleza, limekaa juu yetu kama mtu aliyealikwa.

"Nifungue tundu?" nikauliza.

"Usiguse. Baba ana kivuli, binti hana, watu watasema wamesimama nchi mbili. Tungoje."

Tukangoja. Na hapo ikaanza nyingine. Mzee kule migombani akakohoa. Tupokigwe kusikia kikohozi cha baba mkwe, akachutama papo hapo, akajifunika. Heshima. Tukamwinua, tukampanga. Mzee akakohoa. Chini tena. Ambokile akaanza kucheka, mama yake akaanza kucheka, na Tupokigwe mwenyewe ndani ya kanga mabega yanaruka. Mimi na mkono wangu mmoja, ulioshika miguu ya kamera, siwezi hata kujifuta machozi.

Bibi Tumpale akatimua mbio kuelekea migombani. "Kaka! Meza hicho kikohozi!"

"Nimeze vipi?" ikarudi sauti.

"Kama ugali! Mjukuu wako anazama hapa!"

Kukawa kimya. Nadhani alijiziba mdomo kwa shuka. Wingu likasogea, kivuli cha kinu kikarudi, kwanza kama moshi, halafu kingo zake zikakaza. Nikapeleka mkono wa kushoto kwenye ile kofia. Ndugu zangu, ile ndiyo ilikuwa kazi. Kuigeuza bila kamera kusogea hata unywele. Magoti nikayalegeza. Kiwiko mbavuni. Nikaona ule utelezi wa kwa mjomba, nikatoa pumzi nusu, nikaigeuza kofia kama ninavyotua kibuyu.

Jogoo naye akaja mbele ya kinu.

"Jogoo!" akanong'ona Ambokile.

"Mwache!" akasema Kihwele. "Ukimfukuza atapiga miguu ya kamera. Piga!"

Tk.

Hakuna aliyesogea. Nikamwambia Kihwele, "Sasa nifungue mkono, nizungushe." Akanifungua. Nikazungusha filamu mpaka mwisho, kwa furaha ya mtu aliyepewa maji.

Alasiri ile ile tuliziba madirisha ya ghala la mahindi kwa mablanketi ya nyumba nzima, dawa nikaibana kwapani, nikaisafisha filamu. Nilipoitoa kwenye mwanga bado inachuruzika maji, Kihwele hakuishika. Nilimshikia mimi, akaweka jicho. Kinu kimesimama katikati. Kulia watu wawili, kushoto watatu, kila mmoja amekaza kama nyuzi za gunia. Mwanga sawa, vivuli sawa. Kihwele akatazama chini ya kinu, akatazama tena, mabega yake yakaanza kutikisika kwa namna ambayo si ya mikono. Hakuniambia anacheka nini. Tukachapa karatasi mbili juani, moja ya kwenda, moja ya kubaki.

Asubuhi tulikuwa kando ya barabara Mbalizi, lori linapakia. Dereva alitukabidhi filamu yetu mpya, nikaitia kwenye kamera hapo hapo, kivulini mwa gurudumu. Mzee Mwakatobe hakushuka. Alisimama juu kwenye tuta, mbali, ametugeuzia mgongo, picha yake iko mkononi, na Bibi Tumpale pembeni ameshamkunjia pale kwenye kinu, upande wa binti umelala nyuma. Kihwele akampa Ambokile ile ya safari.

Tupokigwe akafumba macho. Akanyoosha mkono. "Kinu kiko wapi?" akamwuliza mumewe.

Ambokile akakiweka kidole chake juu ya kinu. Binti akapapasa, akakunja karatasi pale pale kwa kucha, baba mkwe akalala nyuma. Hapo ndipo akafumbua. Akajiona, akamwona mumewe, mama mkwe. Kisha akasogeza karibu.

"Mbona jogoo hana mkia?"

Kweli. Kichwa, shingo, kifua, kisha mkunjo wa karatasi, na jogoo ameishia hapo.

Na juu ya tuta, kabla hatujamjibu, sauti ya mzee ikapaa, anamwuliza dada yake, "Tumpale! Huyu tetea kichwa chake nani kakichukua?"

Tupokigwe alipiga kicheko mpaka akashika tairi. Maana naye pale pale alielewa kwamba mkia uko kwa baba. Ukiifunua karatasi yote, ni kuku mmoja mzima, mbele jogoo, nyuma tetea, amesimama kwenye mpaka. Mzee juu akakisikia kicheko cha mkamwana wake. Hakugeuka. Lakini mgongo wake ukaanza kucheka, nao wakacheka hivyo, yeye kule na huyu huku, kwa kuku mmoja, mpaka dereva akapiga honi.

Lori likaondoka. Tupokigwe amekaa juu ya magunia, ile karatasi ameikumbatia tumboni, na sehemu ya mzee ndiyo iliyogeukia mtoto.

Kihwele akafuta machozi kwa koti. Akanivika kamba ya kamera shingoni, akainyoosha isijipinde, mikono yake inatetemeka juu ya kola yangu. "Nakwenda kununua tumbaku," akasema.

"Hakuna mteja hapa, fundi."

"Najua."

Akavuka barabara, mikono mfukoni, anacheka peke yake. Nikataka kujaribu filamu mpya. Nikatazama kivuli chake, kingo zilikuwa kali, nikabana tundu. Viwiko mbavuni, pumzi nusu. Nikampiga mgongoni, nikainama kwenye kidirisha chekundu, nikazungusha mpaka namba ikakaa. Nilipoinua macho barabara ilikuwa tupu, na kutoka kwenye tumbaku ile hakurudi tena.